Dawa ya Fimbo

Babu yangu wa Mlola,

Shikamoo, tena shikamoo, na magoti yako nayo nayaamkia. Je, ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi umepona? Mimi sijambo kuliko unavyodhani. Katika jela hii ya watoto hakuna anayenishinda. Hata askari wa zamu akinipita hugeuka kunitazama, maana uganga wako wote nimeubeba mimi, wewe umebaki na mkoba mtupu!

Usicheke. Huku shambani asiyemaliza tuta anachapwa. Basi nikawaambia wenzangu, "Mimi mjukuu wa mganga. Nikikuchanja, fimbo utaisikia kama unyoya." Wakapanga foleni kama ya sukari, ile sukari ya duka la ujamaa iliyonileta huku. Wembe ulikuwa mmoja, kautupa kinyozi anayetunyoa vipara. Nilianza kujichanja mwenyewe, wakaona damu, wakaniamini. Nikawachanja sita, na dawa nikawapaka. Ujira wangu ulikuwa bangi, usimwambie Mama.

Wa mwisho alikuwa Hamza wa Magoma, ninayelala naye jamvi moja. Akanitania, "Daktari, mbona dawa yako inanuka?"

"Isiyonuka ni uji," nikamjibu.

Kesho yake alichapwa, akasema hakusikia kitu. Mwongo yule! Hakutaka niaibike.

Tangu juzi Hamza hafungui mdomo. Uji unamwagikia kidevuni. Mlango ukigongwa tu, mwili wote unakakamaa kama upinde. Wenzangu wanasema ni mashetani. Daktari wa zahanati alikuja, akatuuliza, "Huyu amejikata na nini?" Mimi nilitazama miguu yangu. Babu, siku hizi nikiamka nafumbua kinywa kabla ya macho, nione kama bado kinafunguka.

Nisalimie Mama, na dada yangu mwenye mtoto mchanga, na mjomba aliyenipeleka polisi. Mwambie sina kinyongo.

Barua zetu Bwana Mkuu wa jela huzisoma kabla hazijafungwa. Najua. Ndiyo maana hapa naandika kwa herufi kubwa, maana mdomo wangu umeshindwa kusema mbele ya daktari: HAMZA NILIMCHANJA MIMI, NA WENGINE WATANO, KWA WEMBE HUOHUO. Dawa yako, Babu, sikuijua hata jina, ulikuwa ukinifukuza kila ulipoisaga. Nilichowapaka ni masizi ya chungu na mavi makavu ya ng'ombe, nimeyakwangua zizini.

Mjukuu wako,
Yona