Majani ya Nyuma ya Choo

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Watoto wafue soksi zao. Chai iliyobaki imwage, na kile kikombe changu kitupe kabisa.

Asubuhi nimetapika mara mbili. Nilipokuuliza mbona stevia yangu, majani pekee ya kunitilia utamu kwenye chai, inanuka, ukanijibu huku unapiga mswaki, bila hata aibu: uliing'oa Jumamosi ili mpeasi wako upate jua la pale mlangoni. Ukaihamishia nyuma ya choo. Kwenye ndoo ipi? Ile ya kulowekea brashi ya choo! Halafu siku nne nzima unanichumia majani, unanitilia kwenye chai, unakaa kuniangalia nikinywa. Na leo unajitetea: "Si maji yamechemka, mke wangu?" Ptuu! Mpaka sasa kinyaa hakijanitoka.

Mapeasi hata mimi nayapenda. Lakini muuza miche alikwambia mti huo utazaa baada ya miaka minne. Mimi daktari amenipa miezi mitatu sukari ishuke, la sivyo naanza sindano. Ulikuwepo. Ulimsikia.

Nimekwenda kutafuta mche mwingine wa stevia. ~~Nikirudi nisiukute huo mpeasi.~~ Hapana, mti hauna kosa. Uhamishie nyuma ya choo, kwenye ndoo ile ile. Ukizaa, tunda la kwanza utakula wewe, bila kuliosha, na mimi, Mungu akipenda, nitakuwepo nikikuangalia.

Mama watoto