Mutoto wa Viviane kwenye Njia ya Vioo

Changsha, 7 Aprili 2024

Mudogo wangu Fidélie,

Amani ikae na weye pale Likasi, mutaa wa Panda. Mwili unasema nini? Miye niko muzima, ila magoti yananilaumu, juu ya vile Viviane binti yangu anaishi ghorofa ya mwisho kabisa na ngazi hazina mwisho.

Carmel, mujukuu wetu, ni mutoto munene, hana haya, anaenda kwa kila muntu anayemunyooshea mikono. Mama yake ndiye amekonda. Asubuhi Viviane anaenda laboratoire, maabara ya chuo, anarudi jua limeshuka, anakula amesimama. Nilimuuliza habari ya Hervé, baba ya mutoto. Akasema, "Iko Guangzhou, Mama. Tuache." Tukaacha.

Unga wao wa mahindi ni laini kama poda ya uso, bukari, ugali wetu, inakataa kushikana. Nani anauza samaki pahali pangu sokoni?

Ni miye dada yako mukubwa, yaya yako,
Gertrude

Likasi, 15 Aprili 2024

Yaya Gertrude,

Salamu zako zimefika kwenye simu, na miye ninakusalimia. Kichwa kiliniuma wiki yote, sasa kimetulia. Pahali pako sokoni ninakaa miye. Samaki ya ziwa Tshangalele imekuwa kidogo, na courant ya umeme inaenda inarudi, friji haina maana. Tunaikausha.

Iko neno moja, usikasirike. Kama kazi inamushinda Viviane, lete mutoto huku. Tangu Théodore aniache juu sikumuzalia, chumba kimoja kinalala tupu. Nitamulea Carmel. Sisemi kwa kulia. Ninasema juu ni kweli.

Mudogo yako,
Fidélie

Changsha, 6 Mei 2024

Mudogo wangu,

Unaendeleaje? Kichwa hakikurudi? Sisi tuko salama. Leo nitaandika mingi, juu tulienda mulimani.

Ilikuwa siku za mapumziko. Viviane na Placide, mwenzake wa masomo kutoka Lubumbashi, bakasema siwezi kurudi Likasi bila kuona ile njia ya vioo inayosifiwa na China yote. Nadhani China yote ilikuja siku ile ile. Tulipanga foleni tangu asubuhi mupaka jua la kichwa. Kisha tukaingia ndani ya kijumba kinachovutwa juu na kamba ya chuma, na miti ikabaki chini yetu kama sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani.

Ile njia, Fidélie, bameipigilia ubavuni mwa jabali. Upande mumoja ni ukuta wa mawe, upande mwingine chuma cha kushikilia, na kupita hapo ni hewa tu. Kwanza unakanyaga saruji. Halafu vinaanza vioo, na banakuvalisha soksi nyekundu za kitambaa juu ya viatu, usivikwaruze. Unaona ndege anapita chini ya nyayo zako. Batu banacheka, banapiga kelele, banapiga foto. Miye niliangalia ukuta, na majani yaliyoota ndani ya mawe, nikatembea.

Viviane alikuwa nyuma, Carmel mugongoni ndani ya kitenge. Mara nikasikia Placide ananiita: "Mama! Viviane anabaki!"

Niligeuka. Alikuwa katikati ya kioo, mikono yote miwili kwenye ukuta, macho amefunga. Foleni imesimama nyuma yake. Mutoto anachekeana na Bachina.

Nikarudi mupaka kwake. "Mwanangu, twende."

"Miguu inakataa, Mama."

"Leta mukono."

"Mutoe mutoto kwanza. Nitaanguka na yeye."

"Hakuna muntu ataanguka hapa. Kioo ni kigumu."

"Si kioo, Mama. Hata nyumbani niko vile. Nikimubeba tu, ninaona ninaanguka na yeye."

Nilifungua kitenge palepale, nikamufunga Carmel kwangu. Muzee mumoja wa Kichina alitushikia sako yetu ya vitu bila kuombwa. Placide akamushika Viviane kiuno, tukaenda polepole kama batu banaotoka matangani. Hakufungua macho mupaka saruji iliporudi.

Tulikaa karibu na bibi anayeuza mahindi ya kuchemsha. Viviane alikuwa na hindi mukononi, halili. Akasema, "Mumubebe mupaka Likasi, kwa Tantine Fidélie, kama alivyoomba. Nikimaliza masomo nitakuja kumutwaa." Nilitaka kumubishia, lakini nilikuwa nimemuona pale kwenye ukuta. Nikasema sawa. Mutoto alikuwa amelala.

Tayarisha chumba.

Yaya yako,
Gertrude

Likasi, 9 Mei 2024

Yaya,

Mujambo bote? Miye ninakula vizuri, ninacheka peke yangu, batu sokoni banauliza nimepata nini.

Chumba nimekipaka chokaa. Fundi Germain amenichongea kitanda chenye kingo pande zote. Muambie Viviane asiogope: kila asubuhi nitamuonyesha mutoto foto yake. Sitajiita mama. Ataniita Tantine.

Mudogo yako,
Fidélie

Changsha, 2 Juni 2024

Mudogo wangu,

Salamu mingi. Sisi tuko, ni joto tu. Karatasi za safari za mutoto zimetoka, tutasafiri katikati ya mwezi. Viviane amemuachisha ziwa. Maziwa yanamuuma. Anakunja nguo za Carmel, anazikunjua, anazikunja tena.

Yaya yako,
Gertrude

Addis-Abeba, 16 Juni 2024

Mudogo wangu Fidélie,

Natumaini uko muzima. Soma hii kwenye simu ukiwa umekaa. Ninakuja peke yangu.

Viviane alinipa mutoto kwenye uwanja wa ndege wa Changsha, mbele ya ule mulango ambao basiosafiri habaruhusiwi kupita. Tulikuwa tumejitayarisha kwa machozi, Placide alishika hata biskuti ya kumubembeleza. Carmel hakulia. Alikuja kwangu anacheka, akashika hereni yangu, hakugeuka hata kumuangalia mama yake.

Nilikuwa nimeanza kwenda. Nikasikia, "Mama, murudi."

Nilidhani tumesahau karatasi. Viviane alikuwa na uso uleule wa juu ya vioo, lakini macho wazi, ananiangalia.

"Munirudishie mutoto wangu."

"Na kule kuanguka?"

"Bado ninaogopa. Mumulete."

Placide akasema muke wake Estelle, aliye naye Changsha, atashika mutoto saa za laboratoire. Viviane naye akaahidi ataenda kwa daktari juu ya ile hofu. Kama atafanya, sijui. Nilifikiri juu yako, Fidélie, nilisimama pale nikakufikiri. Halafu nikafungua kitenge. Alimubeba yeye mwenyewe, kifuani, na sikumuona akitafuta ukuta wa kushika.

Ndege ya Lubumbashi ni kesho asubuhi.

Yaya yako,
Gertrude

Likasi, 16 Juni 2024

Yaya Gertrude,

Ufike salama. Nimesoma nimekaa, kama ulivyosema. Halafu nimebaki nimekaa.

Kesho nitatoka mapema na basi, utanikuta kwenye uwanja wa ndege. Baridi imeanza, funga kitu kichwani. Samaki nimemuachia Aimée, mwenzangu wa sokoni, anajua bei.

Mama Berthe wa jirani alipita jioni, akaniuliza mutoto anafika saa ngapi. Nikamuambia haji. Akashika mudomo: "Ni mugonjwa?"

"Hapana," nikamuambia. "Iko na mama yake."

Mudogo yako,
Fidélie