Kadi Aliyoibandua Kidoti

Baba Kidoti,

Mtoto yuko kwa shangazi yake, kamchukue. Mimi nimekwenda kwenye mafunzo ya wazazi wa watoto wenye usonji, upende usipende. Ndiyo, yaleyale uliyosema asubuhi kwamba ni ya kufundishia mbwa.

Akitaka juisi, usimpe mpaka akupe kadi yenye picha ya juisi. Akikupa tu, mpe papo hapo, umsifu. Akilia, ~~mpe tu yaishe~~ hapana! Mshike mkono, umwelekeze kwenye kadi zilizobandikwa ukutani.

Ulipobamiza mlango ukaondoka, alibandua kadi nyingine ukutani, akaniwekea mkononi. Ilikuwa picha yako. Hajawahi kuomba mtu, huomba vitu tu. Nami sikuwa na cha kumpa.

Akikuletea hiyo, sheria ni ileile: papo hapo.

Mama Kidoti