Majivu ya Kulalia Nje

Jumatatu, 9 Desemba 1996
Nimekamua. Maziwa imeenda. Wanja anafunga blanketi kwa baiskeli. Kesho anaenda kuona mama yangu huko Nkubu, na njiani atalala nje. Msichana wangu! Anasema yeye na wenzake wa koleji wamelala hivyo mara nyingi. Roho yangu haitulii. Baba Wanja amesema usiku mmoja ukiharibika, baiskeli inauzwa. Wanja amelia. Nimesema basi naenda naye, nitakaa kwa karia, pale nyuma ya kiti. Mzee amecheka mpaka akakohoa.
Nimejaza majivu kwa mkebe. Ya kuzuia siafu. Kwetu tulimwaga hivyo tukilala shambani kulinda mahindi. Wanja ananichokoza, "Mami, si ubebe hata jiko."

Jumanne, 10 Desemba
Mteremko mpaka Runyenjes. Nilifunga macho, nikaomba. Halafu nikafungua. Kumbe ni tamu! Nilipiga kelele kama mtoto. Kwa milima tunasukuma.
Tuko kiwanda cha kahawa. Mlinzi ametupa meza tupu ya kuanikia, na nailoni ya kujifunika. Naogopa.

Jumatano, 11 Desemba
Nililala kama jiwe. Asubuhi mama mmoja akaja kugeuza kahawa. Akavuta nailoni, akakuta vidole vyangu.
"Uui! Hii kahawa iko na miguu!"
Wafanyakazi wakacheka wote. Wakatupa uji. "Mama, wewe ni kahawa ya gredi gani?" Nikasema gredi ya kwanza, si mnaona.

Alhamisi, 12 Desemba
Jana hakukuwa na meza. Nyasi tu, ng'ambo ya Chuka. Majivu ilikuwa kidogo. Nilizungusha upande wa Wanja kwanza, ikaisha. Siafu wameniuma miguu yote. Yeye hata mmoja. Amenipangusa akilia. Mimi nilikuwa nalilia baiskeli. Itauzwa.
Tumefika Nkubu. Mama yangu ametuona juu ya baiskeli, akatupa jembe, akacheza hapo hapo kwa shamba. Nimefurahi sana.

Jumapili, 15 Desemba
Tumerudi. Meza za kahawa tena, tumelala vizuri. Baba Wanja ameuliza tulilalaje. Nimesema vizuri. Akaangalia miguu yangu. Wanja akaeleza yote, hata majivu kuisha. Mzee akatoka nje. Sina raha.

Jumatatu, 16 Desemba
Nimekamua. Wanja bado amelala. Baiskeli iko pale pale ukutani. Kwa karia kumefungwa debe nzima, imejaa majivu mpaka juu.
Si mimi nimejaza.