Ndengu za Kavata

Mwanamisi, bado niko Mbumbuni, kwa mazishi ya Profesa Muthama. Acha nikuambie yaliyompata Ndinda wetu leo.

Unakumbuka 1992 vile alikuwa anashinda kwa kituo cha utafiti cha Kiboko akipima ndengu? Ile aina iliyoshinda kiangazi aliiandika "Kavata", juu mbegu alipewa na nyanya yake. Profesa akachukua daftari lake ati anasahihisha. Hakurudisha. Mwaka uliofuata ikatoka kwa jarida, jina la Profesa peke yake. Hata jina Kavata hakubadilisha! Hakuwahi kuuliza ni nani.

Sasa leo mtu anasimama kusoma wasifu wa marehemu: "Mwendazake aligundua ndengu aina ya Kavata." Aligundua! Ndinda alikuwa kando yangu.

Halafu si wakamwita aongee kwa niaba ya wanafunzi wa Profesa! Ndinda akashika maiki, akasema hivi tu: "Kavata ni nyanya yangu. Hiyo mbegu ilitoka kwa ghala yake."

MC akacheka. "Mnaona Profesa? Aliheshimu hata nyanya za wanafunzi wake!"

Watu wakapiga makofi, Mwanamisi. Wote. Na Ndinda bado ameshika maiki.