Wimbo wa Siku ya Kufunga Shule

Misheni ya Mwasenge,
Shinyanga.
13 Desemba 1953

Kwa kaka mpendwa Bartholomeo,

Shikamoo kaka. Masele anarudi mgodini huko Geita kesho alfajiri, na amekubali kuibeba barua hii mpaka mkononi mwako, kwa hiyo naandika mbiombio, uniwie radhi kwa mwandiko. Je, hujambo? Kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia ulipokuja likizo mwezi wa pili kimepoa? Sisi huku tu wazima. Mama anakula, shemeji Paskazia ana nguvu, watoto wanacheza. Ila jua, kaka! Hapa katikati ya sentensi nimeinuka kwenda mlangoni kutazama mawingu, nikarudi kukaa. Yamepita tena juu kwa juu kuelekea Kishapu.

Nianze na habari za shule, maana ndizo unazoniagiza kila mwisho wa mwaka. Tulifunga juzi Ijumaa. Kamili wako amefaulu darasa la nne na amepata nafasi ya shule ya kati. Hesabu amewapita wenzake wote, ingawa mwandiko wake ungedhani kuku amepita kwenye karatasi. Binti yako Anisia, niliyemfundisha mimi mwenyewe darasa la pili, amepanda la tatu. Anasoma vizuri, lakini mdomo wake haupumziki hata wakati wa sala. Darasa jipya limeezekwa, na Padre Mkuu ameahidi madawati baada ya Pasaka. Hizo ndizo habari njema. Furahi nazo kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Nilikuandikia mwezi uliopita kwamba shemeji amejifungua mabasa, mapacha Kulwa na Doto, nawe ukajibu kwamba likizo haipatikani mpaka mwakani, tuwabatize na tuvumilie. Tuliwabatiza. Lakini wewe ni mtoto wa hapa hapa, hunihitaji nikufundishe. Mabasa wakizaliwa, baba yao lazima asimame na mama yao mbele ya watu, waimbiwe yale matusi, wanyunyiziwe dawa, ndipo nyumba inahesabika safi. Wewe hukuwepo, na mvua nayo haikuja. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Padre Mkuu alieleza kanisani kwamba maji ya ubatizo yamekwisha kuwasafisha watoto. Bibi Limi, yule mzee anayeongoza nyimbo za mabasa, akajibu njiani, kwa sauti ya kusikika, kwamba ubatizo ni mzuri kwa mambo ya mbinguni, yeye anauliza habari za mtama.

Basi shemeji akakatazwa kisima. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, walimwomba tu kwa upole akae mbali mpaka mumewe arudi. Akawa anakwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto, Doto mgongoni, Kulwa kifuani, mtungi kichwani. Shuleni Anisia alikuwa akinywa kutoka mtungi wa darasa, na baada yake hakuna mtoto aliyekubali kunywa. Mimi mwalimu wao nikanywa mbele yao ili waone. Wakanitazama tu, wakakaa na kiu mpaka kengele ya kutokea. Siku ya pili yake Anisia alikuja na kibuyu chake mwenyewe, akakaa nacho nyuma ya darasa, kimya. Anisia kimya, kaka! Nilitamani kuvunja ule mtungi.

Mama alinikalia kooni. Alisema kaka mtu asipokuwepo, mdogo wake husimama mahali pake, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, kwa nini najifanya mgeni. Lakini Padre alikuwa ametuonya walimu wote, tena kwa kututaja mmoja mmoja, kwamba mbatizwa atakayeshiriki mambo hayo atanyimwa komunyo, na akiwa mwalimu atarudisha chaki. Unajua mimi sina ng'ombe wala shamba la maana, nina kazi hii tu. Nikawa siwezi kula, siwezi kukaa, nasahihisha daftari moja mara mbili na jingine nalisahau.

Sasa nikusimulie Ijumaa. Wazazi walijaa uwanjani, na Padre alileta mgeni, mkaguzi wa shule kutoka mjini. Watoto waliimba nyimbo zao za Kilatini wala hawakukosea. Mgeni akapendezwa, akaomba darasa la pili wamwimbie kitu cha kwao, chochote cha nyumbani. Kabla sijanyanyua mkono kuchagua, Anisia alikwisha kuanzisha, na wenzake wote wakaitikia kwa makofi. Ulikuwa wimbo wa mabasa, uleule wa Bibi Limi. Ndani yake mlikuwa na mwalimu Donatus mla chaki, mwenye suruali inayomvuka, asiye na mke lakini amezaa wawili kwa mpigo mmoja. Maneno yaliyofuata siwezi kuyaandika, Masele ni Mkristo. Mgeni alipiga makofi kwa furaha, hakujua hata neno moja. Wazazi waliinamisha vichwa, wengine kwa aibu, wengine kuficha meno. Padre Mkuu anajua Kisukuma kuliko baadhi yetu. Masikio yalimwiva mekundu.

Ndiyo, kaka. Nilisimama mahali pako. Ilikuwa Jumanne iliyotangulia, mchana kweupe, uani kwa mama. Siku hiyo shemeji aliteleza ukingoni mwa mto na mtungi ukavunjika. Watoto hawakuumia, lakini nilipomkuta amekaa mchangani akilia bila sauti, huku wanawake wanapita upande wa pili na maji yao, sikungoja mama aniambie tena. Waliniimbia mpaka nikacheka mwenyewe. Walininyunyizia dawa inayonuka vibaya sana. Mwisho Bibi Limi aliniuliza mbele ya wote watoto hawa ni wa nani, nami nikajibu kama inavyotakiwa, kwamba ni wangu. Jioni ileile shemeji alichota kisimani, na mama wa watoto watatu wa shuleni kwangu alimsaidia kujitwika. Mvua haijanyesha, lakini hakuna anayemlaumu shemeji tena. Sasa wanamlaumu Bwana Shamba.

Padre aliniita baada ya mgeni kuondoka. Hakufoka, na ningependa angefoka. Aliniuliza kama ni kweli, nikakiri. Akasema ananipenda kama mwanawe na hataki kunifukuza. Nikisimama kanisani Jumapili ijayo, kabla ya Noeli, nikatamka mbele ya watu kwamba nayakana niliyoyafanya, yatakwisha na nitafundisha mwakani. Ni huruma kubwa, naiona. Lakini nikiyakana, Bibi Limi atasema usafi umetenguka, na shemeji atarudi mchangani na wale watoto. Nisipoyakana, sina kazi. Nimezunguka nyumba hii tangu Ijumaa kama mbuzi aliyefungwa kambani, na sijapata pa kutokea isipokuwa mahali pamoja tu. Uje wewe. Uombe ruhusa, utoroke, useme mama anaumwa, nitauungama mimi uongo huo. Ukisimama wewe mwenye watoto, la kwangu linakuwa si kitu, nami nitapiga magoti kanisani bila kumdhuru mtu. Komunyo utanyimwa wewe kwa muda, lakini mgodi hautakuuliza habari za mabasa.

Hilo ndilo nililokusudia kuandika, na ningeishia hapo. Lakini jana kulitokea mtu njiani, mrefu, ana sanduku begani, anatembea kama wewe. Mama alipiga vigelegele. Shemeji alidondosha mwiko akakimbia. Mimi nilikuwa mlangoni nimempakata Doto, amelala. Kaka, sikutoka. Nilimkaza mtoto kifuani na nikasema moyoni, Mungu wangu, asiwe yeye. Alikuwa mchuuzi wa chumvi anakwenda Samuye. Shemeji alirudi polepole akaokota mwiko wake, nami nikajifanya nafukuza nzi usoni kwa mtoto. Simtamani mkeo, naapa kwa Bikira Maria. Ni wale watoto. Nilisema ni wangu kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu, na neno lile limekataa kunitoka.

Njoo, kaka. Njoo upesi, kabla sijazoea.

Mama anakusalimu sana. Kamili na Anisia wanakuamkia, shikamoo baba. Shemeji anasema hana la kuandika, utayasikia ukifika. Wasalimu watu wa nyumbani wote walio huko kambini, na Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake.

Ni mimi mdogo wako,
Donatus