Shangazi kapanda jukwaani

Shoga, uko? Nimetoka ukumbini sasa hivi.

Unamjua mume wa shangazi. Alianza na katuni za gazetini, zile za Mama Domo, yule mwanamke anayechechemea na kugomba. Akamtungia na vitabu. Siku hizi anamwigiza mwenyewe jukwaani, na leo kavaa gauni la shangazi! Kalitoa kabatini bila hata kuomba.

Tulikaa mstari wa mbele. Mzee akaingia anachechemea, akaiga mpaka shangazi anavyoshika nyonga akiinuka kitandani. Watu hoi. Shangazi kaukumbatia mkoba mapajani.

Mara akainuka. Shoga, akapanda jukwaani! Na mguu wake ule ule wa kuchechemea!

Ukumbi ukalipuka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Akachukua maikrofoni, akasema, "Mama Domo ni mimi. Miaka ishirini mnanicheka mimi. Mguu huu niliuvunja nikimtundikia picha za maonyesho yake ya kwanza."

Wakacheka. Nakwambia WAKACHEKA, wengine wanafuta machozi!

Mumewe je? Akamshika mkono, akamwinamisha mbele ya watu kama mwanasesere. Wakasimama kupiga makofi.

Nyuma ya pazia shangazi analia kwa kwikwi. Nikasema, "Mzee, mwombe radhi mkeo."

Hata hakunigeukia. Akatoa kitambaa, akampangusa uso taratibu, nikadhani utu umemrudia.

Kumbe! Akamwambia, "Kesho useme hivyo hivyo, ila ukifika kwenye mguu, usiharakishe."